Unauza mashine yenye mota ya mbele na rivasi? Soma hii kabla mteja hajaifunga karibu na maji



Leo hatuongelei matangazo wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Leo tunaongelea kitu ambacho kinaweza kukufungia biashara kwa siku moja, au kibaya zaidi, kikaondoka na mkono au uhai wa mteja wako.

Posti hii inawahusu wote mnaouza mtandaoni mashine zenye mota inayoweza kuzunguka pande mbili: mashine za kukamua juisi ya miwa, mashine za kufulia, winchi za kuvutia mitumbwi, hoisti za kunyanyulia mizigo, mota za mageti. Inawahusu pia mnaouza swichi na vifaa vyake peke yake. Nitatumia mashine ya miwa kama mfano mkuu, kwa sababu ndiyo wengi tunaiuza na ndiyo inaoshwa kwa maji kila siku.

Ni ndefu kidogo. Chukua maji ukae.

KILICHONIKUTA MIMI

Niliuza mashine ya miwa kwa kaka mmoja wa mkoani. Mzigo ukaenda kwa basi, akapokea, akanishukuru. Baada ya wiki mbili akapiga: "Dada, muwa umenasa kwenye rola, nafanyaje?" Mimi kwa haraka zangu nikamjibu, "Weka rivasi tu kaka, utatoka." Nikakata simu nikaendelea na oda nyingine.

Akaweka rivasi. Wakati anahangaika umeme ukakatika. Akaona hiyo ndiyo nafasi nzuri, akaingiza vidole kuchomoa makapi. Swichi alikuwa ameiacha palepale kwenye rivasi. Umeme ukarudi. Mota ikaanza yenyewe.

Bahati jirani yake alikuwa karibu na plagi akaichomoa. Vidole viwili vilipondeka, akakaa bila kazi zaidi ya mwezi. Fundi umeme alipokuja kuangalia ile mashine akakuta na jingine: plagi ya pini mbili, waya wa ethi haukuunganishwa popote, na bodi ya mashine ilikuwa na umeme unaovuja. Nilipomuuliza yule kaka kama hakuwahi kuhisi kitu, alinijibu hivi: "Ilikuwa inanipiga kashoti kidogo nikiwa sijavaa ndala. Nilishazoea."

Nilishazoea! Hilo neno halijanitoka kichwani mpaka leo. Sikumwuzia mashine mbovu, ila nilimwuzia mashine bila maelezo. Na ushauri wangu wa sekunde tano kwenye simu ulikuwa na kosa ndani yake. Ndiyo maana nimekaa na mafundi, nikauliza, nikajifunza. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, RIVASI INAFANYAJE KAZI?

Hauhitaji kuwa fundi, ila ukielewa hapa utaweza kumjibu mteja bila kubahatisha.

Mota nyingi tunazouza ni za umeme wa kawaida wa nyumbani, fezi moja, volti 230. Ndani yake kuna koili mbili. Moja ni koili kuu, inayofanya kazi muda wote. Nyingine ni koili ya kuanzia, inayosaidiwa na kapasita (ile kama kopo dogo juu ya mota). Koili ya kuanzia ndiyo inayoamua mota izunguke upande gani. Ukitaka rivasi, unabadilishana ncha mbili za koili moja tu, kwa kawaida ile ya kuanzia, na nyingine unaiacha kama ilivyo.

Sasa tuvunje uongo wa mtaani namba moja: KUGEUZA NYAYA KWENYE PLAGI HAKULETI RIVASI. Ukibadilisha waya wa moto na nyutro, koili zote mbili zinageuka pamoja, mota inazunguka upande uleule. Ulichofanya ni kupeleka waya wa moto mahali ambapo panatakiwa nyutro. Swichi ikizimwa, ndani ya mashine kunaweza kubaki na umeme. Umeongeza hatari na rivasi hujaipata.

Mota za fezi tatu ni tofauti. Kule ukibadilishana fezi mbili zozote kati ya tatu, mota inageuka. Ni rahisi, ila ina hatari yake. Nitaigusa chini.

KWA NINI MTEJA ANASEMA "RIVASI HAIFANYI KAZI"?

Hii ni simu utaipokea mara nyingi, na mara nyingi mashine ni nzima.

Mota nyingi za kapasita zina kiswichi kidogo ndani kinachofunguka mota ikishashika kasi. Kikifunguka, koili ya kuanzia inatoka kazini. Kwa hiyo mteja akitoa swichi mbele akaipeleka rivasi haraka haraka wakati mota bado inazunguka, mota inaendelea upande uleule wa mwanzo! Yeye anaona rivasi mbovu. Kumbe mota haijasimama.

Na muwa ukinasa mota ikang'ang'ana bila kuzunguka, kile kiswichi kinajifunga tena, koili ya kuanzia inabaki na umeme, na mota inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Sekunde chache tu zinatosha kuanza kuichoma. Ukisikia harufu ya kuungua au kapasita imepasuka, mara nyingi hadithi ni hiyo.

Jibu sahihi kwa mteja ni hili, lishike kichwani:

ZIMA. SUBIRI ISIMAME KABISA. WEKA RIVASI KWA MUDA MFUPI. ZIMA TENA. Kama bado imenasa, chomoa plagi NDIPO uguse rola.

Ona tofauti na nililosema mimi, "weka rivasi tu".

Hili pia litakusaidia kwenye mambo ya warranti. Mteja akirudisha mota iliyoungua, muulize kwa upole alikuwa anabadilishaje. Kama hukumwambia asubiri isimame, kosa ni lenu wawili.

MAJI YANAINGIAJE KWENYE HII STORI?

Mashine ya miwa inaoshwa. Sakafu ya kibanda inalowa. Mikono ina juisi. Muuzaji kavaa ndala au yuko peku. Winchi ya mtumbwi iko ufukweni. Mashine ya kufulia ndiyo kabisa, maji ndiyo kazi yake.

Ngozi kavu inazuia umeme kiasi fulani. Ngozi iliyolowa inaupitisha kirahisi. Kashoti kale kale ambako jana mtu alikacheka, leo akiwa amelowa na amesimama peku kwenye maji kanaweza kumwua.

Sasa sikiliza namba hizi, ni muhimu kuliko zote humu ndani:

✅ Umeme wa milliampea 30 hivi ukipita mwilini unatosha kuhatarisha maisha. Misuli inakaza, mtu anashindwa kuachia, pumzi inabana, moyo unaweza kuvurugika.
✅ Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ampea 13. Hiyo ni milliampea 13,000.

Umeona? Mtu anaweza kufa kwa umeme mdogo kuliko ule wa kukata fyuzi mara mia kadhaa. Fyuzi na breka ya kawaida zimewekwa kulinda nyaya zisiungue. Hazijui kama kuna binadamu ameshika bodi. Kwa hiyo mteja akikwambia "mimi nina breka, niko salama", ujue hajaelewa bado.

VITU VITANO AMBAVYO HAVITAKIWI KUKOSEKANA

1. ETHI YA KWELI

Waya wa kijani na njano lazima ushike bodi ya mota, fremu ya mashine na boksi la swichi kama ni la chuma, na uende mpaka kwenye ethi ya nyumba. Plagi ni ya pini tatu. Pini mbili hapana. Kukata pini ya ethi ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya mtaani, hapana kabisa.

Ila ethi peke yake haitoshi, na hapa hata baadhi ya mafundi huteleza. Tuseme nyumba inategemea fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, na ukinzani wake ni om 20. Volti 230 gawanya kwa 20 unapata ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki hapo. Breka ya ampea 32 ndiyo haishtuki kabisa. Bodi inabaki na umeme na kila kitu kinaonekana kizima. Ndiyo maana tunahitaji kitu cha pili.

2. RCD YA MILLIAMPEA 30

Hii ndiyo breka ya kuzuia umeme unaovuja. Inafananisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme unatorokea mahali pengine, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata. RCD ya milliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3 uvujaji ukifika kiwango hicho, na uvujaji ukiwa mkubwa inakata haraka zaidi ya hapo.

Mambo matatu ya kumwambia mteja kuhusu RCD:

👉 Ina kitufe cha kujaribia kimeandikwa T. Abonyeze angalau mara moja kwa mwezi. Isipokata, ibadilishwe.
👉 Ikianza kukata kata, ASIIRUKE. Inamwambia kuna uvujaji. Kuna fundi atamwambia "hii inasumbua, tuitoe". Huyo amkimbie.
👉 Haimlindi mtu aliyeshika waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Ni mkanda wa gari: inaokoa wengi, ila haikupi ruhusa ya kuendesha ovyo.

Kama mteja anatumia jenereta ndogo, mwambie amuulize fundi kwanza. Kwenye jenereta nyingi ndogo nyutro haijaunganishwa na ethi, na RCD inaweza isikate inavyotakiwa mpaka fundi aipange vizuri.

3. BOKSI LINALOZUIA MAJI, LIKIWA LIMEFUNGWA VIZURI

Hapa tunaingia kwenye kazi yetu wauzaji, maana sisi ndio tunaandika "waterproof" kwenye kila kitu.

Angalia herufi IP zikifuatiwa na namba mbili. Namba ya pili ndiyo ya maji:

▪️ IP44: inavumilia maji ya kurukia rukia.
▪️ IP55: inavumilia maji ya mpira wa kuoshea.
▪️ IP65: vumbi haliingii, na inavumilia maji ya mpira.
▪️ IP67: inavumilia kuzama kwa muda, mita 1 kwa dakika 30.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyojaribiwa kwa pampu kali ya kuoshea magari. Mteja mwenye pampu hiyo mwambie asielekeze kwenye mota wala kwenye swichi.

Zile swichi za kuzungusha zenye mbele, zima na nyuma zinazokuja na mashine nyingi za bei nafuu, nyingi zina kifuniko cha kawaida tu na uwazi pale nyaya zinapoingia. Kama haina namba ya IP, usiandike kwamba haiingii maji. Andika ukweli: "Iwekwe ndani ya boksi la IP65, mbali na maji."

Na boksi la IP65 likitobolewa tundu kubwa na nyaya zikapitishwa bila ile nati ya plastiki ya kubana waya, si IP65 tena. Ni kopo lenye tundu. Nyaya ziingilie chini ya boksi, siyo juu. Kabla ya kuingia, waya ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke chini yasiingie ndani.

4. MOTA ISIANZE YENYEWE UMEME UKIRUDI

Hiki ndicho kilichomkuta yule kaka. Swichi ya kuzungusha inabaki pale ulipoiacha. Umeme ukikatika na kurudi, mota inaanza bila kumwomba mtu ruhusa. Na sisi huku umeme kukatika siyo habari ngeni.

Dawa yake ni kontakta pamoja na vitufe vya kuwasha na kuzima. Ukibonyeza kuwasha, kontakta inajishika. Umeme ukikatika inaachia. Umeme ukirudi haijishiki tena mpaka mtu abonyeze kwa hiari yake.

Kwa rivasi zinatumika kontakta mbili: moja ya mbele, moja ya nyuma. Hapa lazima kuwe na kufuli la pande mbili, ili moja ikiwa imeshika nyingine isiweze kushika. Kufuli la kwanza ni la umeme: waya wa koili ya kontakta ya mbele unapita kwenye nukta ya kontakta ya nyuma, na ya nyuma hivyo hivyo. La pili ni la kimakanika: kipande kinachowekwa katikati ya kontakta mbili kuzizuia kwa nguvu. Kwenye mota ya fezi tatu, kontakta zote mbili zikishika kwa pamoja, fezi mbili zinagusana uso kwa uso. Huo ni mlipuko, siyo hitilafu ndogo. Ukiuza kontakta za rivasi kama seti, uza na hilo kufuli. Usimwachie mteja atafute mwenyewe.

Kwenye seti hiyo pawepo ovalodi iliyosetiwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mota ya kilowati 1.1 ya fezi moja huvuta kama ampea 7 mpaka 8. Fundi akiiweka 15 "ili isisumbue", ameifanya pambo. Na mwambie asiiweke kwenye hali ya kujirudisha yenyewe, maana ikipoa inaweza kuwasha mota mtu akiwa na mkono ndani.

5. UMEME MKUBWA UKAE MBALI, MKONO USHIKE UMEME MDOGO

Hii ndiyo naipenda zaidi. Kontakta, RCD na ovalodi vinawekwa kwenye boksi ukutani, sehemu kavu, ambapo mpira wa maji haufiki. Kinachokuja mpaka kwa mfanyakazi ni vitufe tu, na vitufe hivyo vinatumia volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo ya usalama. Kontakta ziwe za koili ya volti 24. Hata kitufe kikiingia maji, mtu anakutana na volti 24, siyo 230.

Pale penye vitufe pawepo na kile kitufe chekundu cha dharura chenye kichwa cha uyoga, kikibonyezwa kinabaki chini mpaka ukizungushe. Kiwe mahali mtu anaweza kukifikia hata mkono mmoja ukiwa umenaswa. Ila kitufe cha dharura si ruhusa ya kuingiza mkono. Kabla ya kusafisha rola ni KUCHOMOA PLAGI, na plagi uiweke pale unapoiona.

Na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Mteja asifungue kile kifuniko "kuangalia tu".

KWA WANAOUZA WINCHI ZA MITUMBWI NA HOISTI

Ninyi mna nyongeza yenu.

Kwanza, winchi isitumie kitufe cha kujishika. Itumie kitufe cha kushikilia: ukibonyeza inavuta, ukiachia inasimama hapo hapo, upande wa mbele na wa nyuma. Waya wa chuma ukikatika au mtu akianguka, mwenye kitufe anaachia tu. Na iwe na swichi za kikomo, mzigo ukifika mwisho mota ijizime.

Pili, umeme ukivuja kwenye maji ya ziwa ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Maji baridi, kama ya Ziwa Victoria au Tanganyika, hayapitishi umeme vizuri kama maji ya chumvi. Mwili wa binadamu unaupitisha vizuri kuliko hayo maji. Kwa hiyo umeme uliovuja unapita kwa mtu aliyemo majini. Hata ukiwa mdogo unakaza misuli, anashindwa kuogelea, anazama. Watu wanasema "alizidiwa na maji" kumbe ni umeme.

Ukiona mtu anahangaika majini karibu na winchi au pampu ya umeme, USIRUKE kumfuata. Kata umeme kwanza, mrushie kamba au boya. Wengi hufa wawili kwa sababu ya upendo wa yule wa pili.

Kwa kazi ndogo za kuvuta mtumbwi, mshauri mteja winchi ya betri ya volti 12. Unaweza kupoteza faida kidogo kwenye oda hiyo, lakini mteja atarudi.

SASA WEWE MUUZAJI UFANYE NINI?

Najua kuna mtu anasema "mimi kazi yangu kuuza, umeme ni wa fundi". Ni kweli, usijifanye fundi. Usimwelekeze mteja kuunga nyaya kwenye simu, hata kama unajua. Ila kuna kazi nne ni zako:

A) ULIZA KABLA YA KUTUMA MZIGO

▪️ Unatumia umeme wa fezi moja au tatu? Wa gridi au jenereta?
▪️ Mashine utaiweka wapi, ndani au nje? Maji yako umbali gani?
▪️ Plagi yako ni ya pini tatu, na nyumba ina ethi?
▪️ Una RCD?
▪️ Una fundi mwenye leseni?

Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Mteja ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe.

B) UZA SETI, SIYO MASHINE TUPU

Ongeza RCD, boksi la IP65, nati za kubana waya na waya wa mpira mgumu unaovumilia maji na kuburuzwa. Weka bei mbili: mashine peke yake, na seti kamili ya usalama. Wateja wengi wakielezwa vizuri wanachagua seti. Umemlinda, na umeuza zaidi. Hiyo ni biashara halali kabisa.

C) VIDEO ZAKO ZIFUNDISHE KITU SAHIHI

Wengi tunapiga video ya kujaribu mashine huku ekstensheni imelala kwenye maji, mtu yuko peku, anabadili mbele nyuma bila mota kusimama. Mteja anaiga anachokiona. Kwenye video yako aonekane mtu amevaa viatu vya mpira, plagi iko juu pakavu, anazima, anasubiri, ndipo anaweka rivasi. Sekunde tatu za kusubiri hazitakupunguzia watazamaji.

D) TUMA UJUMBE HUU KILA MASHINE INAPOTOKA

Nakili, badilisha jina, hifadhi kwenye simu yako:

"Habari ndugu mteja, asante kwa kununua kwetu. Mashine yako ina mota ya mbele na nyuma. Tafadhali:
1. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, iwe na ethi na RCD ya milliampea 30.
2. Kabla ya kuweka rivasi, ZIMA na subiri mota isimame kabisa.
3. Ikinasa au umeme ukikatika, ZIMA SWICHI na CHOMOA PLAGI kabla ya kugusa rola.
4. Usimwagie maji mota wala swichi. Unapoosha, plagi iwe imechomolewa.
5. Ukihisi shoti hata ndogo kiasi gani, acha kutumia siku hiyo hiyo, ita fundi. Usiizoee.
Ukiwa na swali tupigie."

Chapisha pia kwenye karatasi, itie nailoni, ifunge kwenye mashine. Mara nyingi aliyenunua siye anayekamua. Anayekamua ni kijana aliyeajiriwa, na yeye hajawahi kuona ujumbe wako wa WhatsApp.

MTU AKIPIGWA SHOTI

Usimshike kwa mkono. Chomoa plagi au zima meni swichi. Ukishindwa, msukume na kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao mkavu au kiti cha plastiki, wewe mwenyewe ukiwa pakavu. Kama hapumui, itisheni msaada na anza kumbonyeza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mpaka msaada ufike. Hata akiinuka akasema yuko sawa, apelekwe hospitali. Umeme unaweza kuvuruga moyo bila kuacha alama ya nje.

LA MWISHO

Yule kaka wa miwa tuliyamaliza. Nilimlipia fundi, tukamfungia kontakta na RCD, vitufe vya volti 24, boksi likapanda ukutani. Wiki ya pili RCD ikakata asubuhi moja wakati anaanza kazi. Akanipigia amekasirika: "Dada, hiki kidude chako kinanikwamisha!" Nikamwomba amwite fundi kabla ya kuirudisha. Fundi akafungua mota, akakuta maji ya kuoshea yameingia kwenye boksi la nyaya.

Jioni alinitumia ujumbe mfupi: "Leo nilikuwa peku."

Basi. Sikuwa na la kumjibu.

Mfanyabiashara mwenzangu, wateja wetu hatuwaoni. Tunawajua kwa namba ya simu na jina la basi. Lakini mashine tuliyomtumia inakaa na mikono yake kila siku, na mikono hiyo imelowa. Mpe maelezo kama ambavyo ungempa mdogo wako.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayeuza mashine. Na wewe mwenye swali kuhusu bidhaa unayouza, andika hapo chini aina ya mota na kilichoandikwa kwenye kibati chake, tutajadiliana pamoja na mafundi waliomo humu.

Biashara njema. 🙏